Sufuria Iliyorudi Imejaa

Tangu nirudi Frere Town, kila ninayekutana naye ananiuliza safari ilikuwaje, kisha anaaga kabla maelezo yangu hayajavuka daraja la Mtwapa. Basi nimeamua kuandika. Atakayechoka njiani apumzike, anywe chai, atanikuta hapa hapa.

Mnanijua. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini Kipevu, na chombo kizito kuliko vyote ninachoshika ni kalamu. Kwenda Tana River kuwajengea nyumba watu waliokumbwa na mafuriko halikuwa wazo langu. Mchungaji aliuliza kanisani nani atajitolea, na mke wangu akainua mkono. Akainua mkono wangu. Waumini walipiga makofi, nami nikatabasamu kama mtu aliyekuwa na nia hiyo tangu utotoni.

Frere Town hadi Mtwapa

Lori lilikuwa la muumini mwenzetu anayebeba saruji huko Bamburi. Lilipakiwa mabati, boriti, fito, misumari, na magunia ya mchele, maharagwe na unga. Juu ya hayo yote tukapakiwa sisi.

Niwatajie watu. Kiongozi wetu alikuwa Shemasi Wafula, mtu wa Bungoma aliyehamia Pwani miaka mingi iliyopita ila Kiswahili chake bado kiko njiani kinakuja. Mpishi alikuwa Mama Kache, Mgiriama wa Kisauni aliyepika harusi zote na matanga yote ya kanisa letu, na ambaye sijawahi kumwona akimwogopa mtu. Walikuwepo mafundi wetu wa kupaua, wanaume wapole wanaoongea kwa nyundo. Na dereva alikuwa Bakari wa Mishomoroni, Mwislamu, ambaye alituambia mapema kabisa: "Mimi nimekuja kuendesha gari. Hayo ya kuokoka mtayamaliza wenyewe huko nyuma."

Tulipanga kuondoka alfajiri. Shemasi akasema tuombe kwanza. Aliombea barabara, akaombea injini, akaombea magurudumu, na nina hakika aliyaombea moja moja. Kisha akatoa maagizo. Alisema tunakokwenda watu wamepoteza kila kitu, kwa hiyo ni mwiko mmoja wetu kula chakula chao.

"Tumejibebea chetu," alisema. "Hata ukipewa ndizi moja, rudisha. Hatuendi kuwaongezea mzigo."

Sote tukaitikia amina. Bakari hakuitikia kwa sababu alikuwa chini ya lori anaangalia mafuta yaliyokuwa yakidondoka.

Tuliondoka jua limeshapanda. Tukafika Kiembeni, Shemasi akakumbuka amesahau chandarua chake, tukarudi. Majirani waliotuaga kwa machozi walitupokea kwa vicheko. Tulipoagana mara ya pili hakuna aliyelia.

Mtwapa hadi Malindi

Lori lenye mabati mapya, watu wanaoimba na kitambaa kirefu kilichofungwa ubavuni, katika nchi hii lina maana moja tu. Hatukulijua hilo mpaka tulipofika kwenye soko moja baada ya Kilifi, Bakari akasimama kununua maji. Watu walitoka vibandani mbio wakatuzunguka.

"Mheshimiwa yuko wapi?" aliuliza mzee mmoja mwenye kofia.

Shemasi akasema hakuna mheshimiwa. Yule mzee akatazama mabati, akamtazama Shemasi aliyekuwa amevaa koti kwenye joto lile, akaanza kumhutubia kuhusu mfereji wa maji uliokatika. Alisema kwa utaratibu mzuri, na watu wakawa wanamwitikia.

"Baba, sisi si wanasiasa," Mama Kache alimkatiza kutoka juu ya magunia. "Sisi ni watu wa kanisa."

"Hata yule wa mwisho alituambia hivyo," mzee akajibu, akaendelea na mfereji.

Tuliondoka baada ya Shemasi kuahidi kwamba ataliombea suala la maji. Mzee alionekana kuridhika. Alisema hiyo ni ahadi ya kwanza kupewa ambayo anaamini itatekelezwa.

Malindi tulikula mahamri na mbaazi za nazi kwenye hoteli ya mabanzi. Shemasi aliagiza ugali. Mwenye hoteli alimwuliza kwa upole kama anaumwa.

Malindi hadi Garsen

Baada ya Malindi barabara hunyooka na nchi hutulia, mpaka unaanza kufikiri mambo ambayo hukupanga kuyafikiri. Mimi nilifikiri mgongo wangu. Boriti niliyokalia ilikuwa na kifundo, na kifundo hicho nilikifahamu vizuri kuliko ninavyowafahamu baadhi ya shemeji zangu.

Kwenye kizuizi cha polisi afisa mmoja, kijana mwenye adabu sana, alituuliza mabati ni ya nani.

"Ya kumjengea mtu," alisema Shemasi.

"Mtu gani?"

"Hatumjui."

Afisa akafikiri. "Mnatoka Mombasa na lori la mabati, mnampelekea mtu msiyemjua?"

Shemasi akasema ndiyo, kwa furaha, kama mtu aliyeeleweka. Afisa akatuomba tushuke. Tulikaa kando ya barabara kwa muda mrefu, tukitazama mbuzi wakivuka na kurudi. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningetuweka ndani. Mwishowe alimpata chifu wa huko kwa simu, na chifu akasema kwamba anatusubiri tangu asubuhi, na kwamba amechoka kusimama.

Garsen hadi ng'ambo ya mto

Mbele ya Garsen barabara ya kwenda kijijini ilikuwa imeliwa na maji. Mashua zikaja. Mabati yalivuka kwanza, yakifuatwa na boriti, magunia na Mama Kache. Bakari alisema hawezi kuliacha lori, lori ni amana, ataliangalia hadi turudi. Kisha akauliza chakula kitabaki upande gani. Alipojua kinavuka, akampata mtu mwaminifu wa kuliangalia lori, akaingia mashuani.

Watu wa kijiji walikuwa wamepiga mahema kwenye uwanja wa shule, mahali palipoinuka. Maji yalikuwa yameshapungua, yakaacha tope, na juu ya tope hilo zilionekana nguzo tupu zilizokuwa nyumba za watu. Nilikuwa nimeona picha kwenye simu. Picha haina harufu.

Chifu alitupeleka kwa mwenye nyumba ya kwanza, mama mmoja Mpokomo aitwaye Bi Hagodana, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu," akatukaribisha kwenye hema lake. Ndani alilala mumewe, Mzee Jilo, kwenye kitanda cha kamba. Alikuwa akiumwa kifua tangu mafuriko. Kila akipumua, turubai la hema lilionekana kusikiliza.

"Karibuni," alisema Mzee Jilo. "Mmekuta nyumba ya karatasi."

Nje, Bi Hagodana alituambia jambo moja tu. "Mimi sina haraka. Hata mwakani nitangoja. Ila yeye amesema hataki kufia kwenye karatasi. Amelisema kila siku. Basi nawaomba."

Mafundi wakaenda moja kwa moja kuchimba mashimo ya nguzo.

Jua lilipoanza kupoa Bi Hagodana alikuja kambini kwetu na sufuria kichwani. Ulikuwemo wali, na juu yake kambare wa mto, wa kukaangwa. Sijui mchele ule aliupata wapi. Harufu yake ilitufanya sote tusimame bila kuambiwa.

Shemasi akasimama pia, akatoa hotuba. Alimshukuru kwa niaba ya kanisa, kwa niaba ya Mombasa, na nadhani kwa niaba ya Bungoma. Akasema sisi tumekuja kutumika, si kutumikiwa. Akaifunika sufuria vizuri, akaishika kwa mikono miwili, akamrudishia. Bi Hagodana aliipokea. Alisimama kidogo, akatazama kifuniko, akasema, "Haya," akaondoka.

Tukala maharagwe yetu tukijiona watu wema sana.

Nyumba isiyo na ukuta

Kazi ya mbao ilikwenda vizuri. Nguzo zilisimama, fito zikafungwa, mabati yakang'aa. Kilichobaki ni kukandika, na udongo ulikuwa mwingi kuliko tulivyohitaji. Chifu alikuwa ametuambia kwamba hiyo ni kazi ya majirani wenyewe, wanawake wa kijiji, ambao huifanya kwa pamoja na kwa muda mfupi. Sisi tuwaachie.

Tukawaachia. Hawakuja.

Walikuwepo. Walikaa kwenye kivuli cha darasa wakisuka mikeka, wakitutazama kama watu wanaotazama mpira ambao timu yao haichezi. Shemasi aliwauliza watakandika lini. Wakasema, "Kesho." Kesho ilipofika wakasema hivyo hivyo, kwa heshima ile ile. Nasi tukahamia nyumba ya pili ya jirani, tukaisimamisha, nayo ikabaki mifupa.

Kutoka kwenye hema nilimsikia Mzee Jilo akikohoa. Kikohozi chake kilikuwa kikiongezeka. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka alipolala, ina paa, haina ukuta, na upepo ulipita ndani yake utakavyo. Nilikasirika. Niliwaona wale wanawake hawana huruma, nikasema hivyo kwa Mama Kache, na Mama Kache hakunijibu, jambo ambalo si kawaida yake.

Nikajaribu kukandika mwenyewe. Nilikanyaga udongo, nikaubandika kwenye fito, nikarudi nyuma kuutazama. Ukaanguka. Kivulini mwanamke mmoja aliinamisha uso kwenye mkeka wake kwa muda mrefu, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Kitu kingine kilichonishangaza ni Bakari. Kila alipopita aliwekewa kiti. Alipoketi aliletewa maji ya kunawa. Wazee walimwuliza maoni yake kuhusu mambo makubwa, naye aliyatoa. Siku moja nilimsikia chifu akimwita "kiongozi."

"Bakari," nikamwuliza, "umewaambia nini watu hawa?"

"Wallahi sijawaambia kitu," akasema. "Mimi nakula tu. Yule mama anapika kidogo jioni, nami napita kumsalimia mzee. Siku ile ya kwanza mlimrudishia samaki, nikamfuata. Samaki mzuri vile arudi zake?"

Kwa yule mama

Nilimkuta Bi Hagodana akichambua mchicha wa porini. Nikaketi chini, nikamwamkia, nikamwuliza habari za mzee. Kisha nikamwuliza bila kuzunguka kwa nini watu hawaikandiki nyumba yake.

"Si yangu," akasema.

Nikamwambia ni yake, tumemjengea yeye, chifu ndiye aliyetuleta kwake.

"Mwanangu, huku kwetu anayekujengea anakula kwako. Hata kama huna kitu, unampa uji, anakunywa, anakaa. Hapo kila mtu ameona kwamba wewe ndiye mwenye nyumba na yule ni mgeni wako. Majirani wanakuja na udongo. Nyinyi mmekuja, mmenirudishia sufuria mbele ya watu, imejaa vile vile. Mnajipikia kwenu, mnakula kwenu. Sasa hiyo nyumba ni ya nani? Ni yenu. Labda mnajenga stoo, labda ofisi. Nani atakandika nyumba ya watu asiowajua, bila kuambiwa na mwenyewe?"

"Lakini mama, si ungetuambia?"

"Niwaambie mle?" Aliniangalia kama mtoto aliyesema neno baya mbele ya wageni. "Mgeni haambiwi hivyo. Na wale samaki walitoka kwa huyu, mchele ukatoka kwa yule. Niliwaomba watu wote hawa. Nikarudi na sufuria kichwani imejaa, wakaniona."

Kisha akasema, akiendelea na mchicha, "Dereva wenu peke yake ndiye mgeni wangu. Huyo hata akitaka kulala kwenye hiyo nyumba nitampa mkeka."

Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma. Nikamsaidia kuchambua mchicha, nikachambua vibaya.

Nilipowaeleza wenzangu, aliyeumia zaidi ni Shemasi. Alikuwa mtu mwema, na sioni mtu anayeumia kama mtu mwema aliyekosea. Akasema basi tuwape gunia la mchele wapike. Mama Kache akamwambia akimpelekea Bi Hagodana gunia mbele ya watu, atakuwa amemrudishia sufuria mara ya pili. Kwanza tulikataa chakula chake, sasa tunampa cha kwetu kama ombaomba.

"Kwani tufanye nini?" Shemasi akauliza.

"Nyinyi kaeni," akasema Mama Kache. "Moto wetu umekataa."

Moto wetu ulikuwa unawaka vizuri sana. Moshi wake ulionekana kijiji kizima. Mama Kache akajifunga leso ya pili kiunoni, akachukua mchele na maharagwe kwenye beseni, akapita katikati ya wale wanawake akilalamika kwa sauti kwamba kuni za huku hazimjui, moto umekataa katakata, wanaume wa watu watakufa njaa. Akapiga hodi kwa Bi Hagodana.

"Mama, nimekuja kuomba moto. Na kama una sufuria ya kuniazima. Na kama hutajali unisaidie mkono wako, maana mimi na huu moto wa huku hatuelewani."

Bi Hagodana alitazama moshi wetu ukipanda nyuma ya Mama Kache. Aliutazama kwa utulivu, akasema, "Kuni mbichi hizo. Karibu."

Alipika yeye. Mama Kache alikaa kwenye kigoda na kuomba apewe maelekezo, jambo ambalo ningelipiga picha kama simu yangu ingekuwa na chaji. Watu walianza kuleta vyao bila kuitwa, mmoja nazi, mwingine kambare wawili. Kisha Bi Hagodana alitupanga kwenye mkeka mbele ya nyumba yake isiyo na ukuta, akatunawisha mikono mmoja mmoja, akapakua. Sahani ya kwanza alimpelekea Shemasi Wafula. Alisimama nayo mbele yake. Na wale wanawake kule kivulini waliacha kusuka.

Shemasi aliipokea. Akala. Akala mpaka akakwangua, halafu akainua sahani akasema, kwa Kiswahili chake cha Bungoma, "Mama, niongeze."

"Ee," akasema Bi Hagodana, na akageuka upande kujifuta uso kwa leso.

Kabla hatujanawa, udongo ulikuwa unakuja. Ulikuja kwenye karai, kwenye mabeseni, kwenye vipande vya mabati mabovu. Wanawake waliukanyaga wakiimba, na kuta zikapanda huku sisi tunatazama. Niliruhusiwa kukandika sehemu ndogo karibu na kona. Mama mmoja alikuja nyuma yangu akabandua nilichobandika, akakibandika upya, wala hakukatiza wimbo.

Kuta zilipoanza kushika, wakamleta Mzee Jilo na kitanda chake. Kitanda hakikupita mlangoni. Mafundi wetu walipima kila kitu isipokuwa kitanda. Wakajaribu ubavu, wakajaribu kichwa kwanza, wakashauriana, na mzee alikuwa juu muda wote huo akiyumba.

"Niwekeni chini," akasema. "Mimi si kabati."

Walimshika huku na huku. Akasimama, akapumua, akaingia nyumbani kwake kwa miguu yake, akiegemea ukuta mbichi kwa kiganja. Mkewe akamgombeza kwamba ameshaanza kuharibu. Akakaa kwenye mkeka, akatazama juu, akatazama kuta, akasema, "Haya sasa." Nilitoka nje nikalia. Niliwaambia watu ni moshi, na wakanikubalia kwa adabu.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kwepesi kwa sababu boriti zilibaki kule na tulikalia magunia matupu. Nyumba nyingine tulizojenga zilikandikwa bila maneno, kwa kuwa tulikuwa tunakula kila mahali. Shemasi alinenepa. Kwenye kizuizi afisa yule yule alimwuliza kama sasa tunamjua mtu wetu, akajibu ndiyo, akaanza kumweleza tangu Frere Town. Afisa alitufungulia njia kabla hajamaliza.

Nilipoagana na Bi Hagodana alinipa namba yake, akachukua yangu. Mzee alikuwa amelala. Nilisimama mlangoni nikamwangalia kifua kikipanda na kushuka taratibu, nikaondoka nikijua tumewahi, na nikijua tumewahi kwa ajili ya nini.

Juzi nilikuwa Kipevu, kwenye foleni ya malori, simu ikaita. Nikaona jina la Bi Hagodana. Sikupokea mara ya kwanza. Nilisogea kando, nikatafuta maneno ya pole, nikayapanga, kisha nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona hushiki simu?"

Nikaanza kusema kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. Akanikata kauli.

"Subiri, anataka kusema mwenyewe. Amenisumbua tangu asubuhi."

Nikasikia simu ikihama mkono, na kikohozi, kisha sauti ya Mzee Jilo, kavu, imeudhika.

"Wewe mtu wa Mombasa. Hamkuniwekea dirisha upande wa mtoni. Mvua za mwakani nitayaonaje maji yakija?"